Saratani Mbili za Mwalimu Kanyaga

Wifi yangu ni mwalimu wa udereva, na kama wewe ulifundishwa gari na mtu mpole, basi hukufundishwa na yeye. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kanyaga. Jina kajipatia mwenyewe, kwa kulitamka neno hilo mara nyingi kuliko anavyotamka salamu: kanyaga klachi, kanyaga breki, kanyaga mafuta mwanangu, gari haliendi kwa kutazamwa. Wamepita mikononi mwake wanaume wenye ndevu waliolia juu ya usukani, na wasichana waliokuwa wakitetemeka ambao leo wanaendesha malori. Kaka yangu ni mtunza stoo wa shule, mtu anayefunga mlango taratibu utadhani anauomba radhi. Huyo ndiye aliyemwoa. Siku aliponiletea habari nilimwuliza kama ana homa.

Mimi nashona mapazia. Chumba changu cha kazi kiko mtaa mmoja na chuo cha udereva, kwa hiyo kila mchana wifi huja kwangu, huliteka jiko langu, hupika chai, na tunagombana. Ugomvi wetu hauna kinyongo, ni ule wa mawifi. Yeye husema mapazia yangu yangefaa kufunikia viazi sokoni. Mimi husema chai yake ingefaa kuoshea madirisha, na kwamba kama kaka yangu asingekuwa na huruma, yeye angezeekea kwao. Mgeni akitusikia hukimbilia kutuamua. Wenyeji huvuta viti wakasikiliza, maana ni burudani ya bure.

Uvimbe aliugundua kwa sababu ya mkanda. Mwalimu hukaa kiti cha abiria, na mkanda wa upande ule hupita juu ya titi la kushoto. Siku hiyo alikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima ambaye malori hayamtishi hata kidogo ila kuku wanamtoa roho. Kuku akakatiza barabara, yule mama akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na mkanda ukambana wifi mpaka akaona nyota. Chini ya maumivu yale palikuwa na kitu kigumu ambacho hakukifahamu. Alimaliza somo. Alimwelekeza yule mama mpaka chuoni, akamwambia makosa yake yote bila kumpunguzia, kisha akaja kwangu, akanivuta nyuma ya mapazia yaliyokuwa yametundikwa.

"Wifi, niguse hapa. Na usipige kelele."

Niligusa. Sikupiga kelele, lakini nilikikuta.

Tulikwenda hospitali kubwa, kliniki ya matiti, iliyo ghorofa ya chini ya jengo la zamani. Bingwa wa pale ni mwanamke mfupi mwenye miwani ambayo hukaa kichwani pake zaidi ya machoni. Alimchoma wifi sindano nene, akachukua kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara. Majibu yaliporudi hakuzunguka mbuyu. Alisema ni saratani.

"Inatoka?" wifi akauliza.

"Inatoka."

"Basi itoe. Mimi nina wanafunzi."

Daktari alicheka, lakini alisema kwanza wapige picha ya mwili mzima, wajue kama ugonjwa umekaa hapo tu au umeshatembea. Pia aliona damu yake imepungua kuliko inavyotakiwa, akataka kujua kwa nini. Wifi alikuwa amechoka muda mrefu, akipanda ngazi anahema, na alikuwa akiulaumu umri. Sote tuliulaumu umri, kwa kuwa umri haujibu.

Picha ikapigwa. Siku ya majibu bingwa alikuwa amesafiri kikazi, na aliyekuwa zamu ni daktari mgeni kazini, mfuko umejaa kalamu, macho yamejaa usingizi. Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyofanyika. Jambo likiwa zito, mgonjwa haitwi. Wanaitwa ndugu. Wifi alikuwa kwenye mzani akibishana na muuguzi kuhusu kilo zake, na sisi wawili, mimi na kaka, tukaitwa pembeni, karibu na sinki la kunawia.

"Kuna uvimbe mwingine kwenye utumbo mpana," alisema yule daktari kwa sauti ya chini. "Inaonekana imesambaa."

Kaka alishika ukingo wa sinki. "Ikisambaa mnafanyaje?"

"Bingwa atawaeleza. Lakini ikishasambaa, mara nyingi tunampunguzia mgonjwa maumivu tu."

"Naomba asiambiwe," kaka alisema.

Daktari akaitikia kwa kichwa, tena haraka, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Nami nikasimama pale nimeshika mkoba wa wifi. Nilitaka kumwuliza kaka atamfichaje kitu mwanamke ambaye kazi yake ni kuangalia vioo vitatu kwa wakati mmoja. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka, na nikaona nikisema neno moja ataanguka chini. Nikamsindikiza mpaka nje.

Tangu hapo nyumba ya kaka ikawa nyumba ya upole. Kaka alianza kupika. Alimbebea wifi mkoba kutoka mlangoni mpaka kitandani, hatua ambazo mtoto mchanga angezitambaa bila kuchoka. Watoto wao wawili, ambao wanaishi mbali na walikuwa wakipiga simu wakikumbuka, sasa wakawa wanapiga kila siku na kuuliza mama amekula nini. Majirani walikuja na sura ndefu na matunda. Walikaa ukingoni mwa viti, wakamwangalia, wakaguna. Nilitamani kuwafukuza kwa fagio.

Wifi aliyaona yote hayo na akayavumilia, akidhani ni ya saratani ya titi. Kilichoniponza ni chai. Mchana mmoja alikuja kwangu, akapika chai yake ileile, nyeusi kwa majani na chungu kwa kuchemshwa kupita kiasi. Nilikunywa, nikaitazama mikono yake iliyokonda, na ulimi ukateleza.

"Chai nzuri leo, wifi."

Aliweka kikombe chini. "Umesemaje?"

"Nimesema chai nzuri."

"Wewe?" Alisimama. "Tangu niolewe hujawahi kuisifia chai yangu. Nilipojifungua hukuisifia. Mama mkwe alipofariki ulikunywa birika zima msibani na bado ukasema ina ladha ya sufuria. Leo nzuri?" Akanisogelea mpaka nikarudi nyuma kwenye cherehani. "Nakufa, siyo?"

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia huku nalia, na nikamwambia alivyoomba kaka. Alisikiliza amesimama, mkono kiunoni. Nilidhani atapiga ukuta. Aliuliza swali moja tu.

"Hicho cha tumboni wamekichukua wakakipima, au wamekiona kwenye picha?"

"Kwenye picha."

"Basi bado hawajui, na ninyi mmeshaanza kuniaga." Alivuta pumzi. "Mimi simwambii mwanafunzi ameanguka mtihani kwa sababu sura yake imekaa kuanguka. Namwacha aendeshe kwanza."

Alitoka bila kumaliza chai, nami nikamfuata mbio, sindano bado imechomekwa kwenye gauni. Alikwenda moja kwa moja chuoni kuchukua gari. Gari lilikuwa uani, lakini kwenye kiti cha mwalimu palikuwa na mto wa kukalia, wa rangi ya machungwa, na juu yake amekaa mwalimu mgeni akila karanga. Mwenye chuo akatoka ofisini anapangusa mikono. Ni mtu mkubwa wa mwili, na siku hiyo alikuwa akijikunyata.

"Mwalimu, mumeo alipita hapa. Alisema unastaafu. Alisema tusikusumbue."

Wifi alimpita. Alifungua mlango wa gari, akamwamkia mwalimu mgeni vizuri kabisa, akamngoja ashuke, kisha akauchukua ule mto na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Mto wako huu. Kiti ni changu."

Akakaa, akafunga mkanda, akapiga honi kumwita mwanafunzi wa zamu. Nilibaki uani na mwenye chuo, tunatazamana. Alinong'ona kwangu kwamba yeye hakutaka, ila kaka alikuja na uso wa mtu aliyefiwa.

Jioni alimtolea kaka uvivu. Nilikuwepo, maana alinitaka niwepo. Kaka alikuwa anakatakata vitunguu.

"Weka kisu chini," wifi akasema. "Umeniachisha kazi?"

Kaka aliniangalia mimi kwanza, akaelewa, akaweka kisu. "Nilitaka upumzike."

"Ulitaka kunizika nimekaa. Unanipikia, unanibebea, unanifungia milango. Kuna kingine ulichoficha?"

Hapo ndipo kaka alipotoa lililokuwa moyoni, na mimi mwenyewe sikulijua. Hospitali walimpigia simu, yeye akiwa ndiye ndugu aliyeandikishwa. Bingwa alikuwa amerudi, ameona picha, na anamwita mgonjwa aje aingizwe kamera tumboni. Kaka aliwajibu kwamba mgonjwa hayuko tayari. Aliona ni mateso ya bure. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na mtu ambaye ugonjwa umesambaa asichokonolewe.

Wifi alikaa kwenye kiti cha jikoni. Sijawahi kumwona amekaa vile, mabega yameanguka.

"Wamenipigia simu, nawe ukawakatalia."

"Nilitaka usiogope, mke wangu."

"Na unadhani siogopi? Naogopa tangu siku ya mkanda. Usiku... siku nzima naogopa. Lakini nataka niogope kitu ninachokijua, na nikiogope mwenyewe. Umeninyang'anya hata hofu yangu."

Kaka alilia. Wifi hakumbembeleza. Alisimama akamalizia vitunguu, kwa hasira, vipande vikubwa visivyolika, na asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa bingwa.

Bingwa alivuta miwani kutoka kichwani, akaivaa, akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliwaambia imesambaa?" Tulipomwambia, alikunja uso. Alisema atazungumza na mwenzake. Alisema saratani ya titi ikitembea ina njia zake, na utumbo mpana si mahali inapopenda kwenda, ndiyo maana aliagiza kamera aliporudi tu. "Inawezekana ni yenyewe. Inawezekana ni kitu kingine kabisa. Sitakuambia nisichokijua, mama."

"Hilo tu ndilo ninalotaka," wifi akasema.

Ya kamera tusiyaongee sana. Dawa ya kusafisha tumbo aliinywa jagi baada ya jagi, na kila alipotoka msalani aliniambia kwamba hatimaye amepata kinywaji kibaya kuliko uji wangu. Nilifurahi kutukanwa. Walimwingiza kamera, wakaona uvimbe upande wa kulia wa utumbo, unavuja damu kidogo kidogo. Damu iliyokuwa inapungua ilikuwa inapotelea humo. Wakachukua kipande.

Siku ya majibu tulikuwa watatu mbele ya bingwa. Kaka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Mama," bingwa alisema, "maabara wameviweka vipande vyote viwili chini ya darubini, wakavipaka dawa zinazoonyesha kila kimoja kilikoanzia. Hiki cha tumboni hakikutoka kwenye titi. Kimezaliwa tumboni. Ni saratani nyingine. Una saratani mbili kwa wakati mmoja, na hazijuani."

Kaka akateleza kwenye kiti.

"Mbili," wifi akasema.

"Mbili."

"Kila moja iko kwake?"

"Kwa picha tulizonazo, kila moja iko kwake."

Wifi akapiga kofi moja kubwa, akaangua kicheko. Alicheka mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakachungulia mlangoni. Alimshika daktari mkono akautikisa kama amepewa leseni. Nilidhani akili imeruka.

"Wifi, umesikia vizuri kweli? Wamekuongezea. Hawajakupunguzia."

"Nimesikia kuliko wewe. Moja iliyotembea ndiyo mlikuwa mnanililia. Hizi mbili hazijatembea, zimekaa tu zinanisubiri." Akamgeukia bingwa. "Zinatoka?"

"Zinaweza kutoka. Si habari njema, mama, usinielewe vibaya. Ni habari afadhali. Juzi watu wako walidhani kazi yetu ni kukupunguzia maumivu. Leo kazi yetu ni kujaribu kukuponya."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anamtazama daktari mdomo wazi, na nikaona mawazo yanamrudia, simu ile aliyoikataa inamrudia. Hakuna aliyemsimanga. Hakukuwa na haja.

Kama hospitali ingekuwa na idara ya watu, hadithi ingeishia hapo. Lakini ina idara za viungo. Titi liko jengo la zamani, utumbo uko jengo jipya, na katikati kuna ua mpana wa lami usio na kivuli. Bingwa wa utumbo ni mwanaume mrefu, mstaarabu, sauti haipandi. Alilisoma faili akasema titi ndilo lililoanza kutibiwa, walimalize kwanza, kisha wamrudishie. Tukavuka ua. Bingwa wa matiti akasema hapana, utumbo kwanza, unavuja na unaweza kuziba, naye hawezi kuanza dripu za saratani huku tumbo liko vile. Tukavuka ua. Bingwa wa utumbo akasema anaelewa, ila mgonjwa ni wa idara ile, na hangependa kuingilia. Waliandikiana kwenye faili kwa adabu kubwa. Kila mmoja alimshukuru mwenzake. Na wifi akapigwa danadana kwenye jua, faili kifuani, anapumzika kila baada ya hatua chache kwa sababu damu haikuwa inatosha.

"Unajua nini kinaua njia panda?" aliniuliza siku moja tumekaa kwenye ngazi za jengo jipya ili apate pumzi. "Watu wanadhani ni wakorofi. Wakorofi angalau wanapita. Kinachofunga barabara ni waungwana wawili, kila mmoja anampungia mwenzake, tafadhali pita wewe, tafadhali pita wewe. Nyuma yao watu wanakaa mpaka wanaoza."

"Sasa tufanyeje?"

"Sibebi tena faili hili. Mimi si tarishi."

Alirudi kliniki ya matiti, akakaa kwenye benchi, faili mapajani, akasema hatoki. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba foleni ni ndefu. Akasema anaiona. Muuguzi akasema si siku yake. Akasema saratani zake hazijui siku. Mwishowe bingwa mwenyewe akatokea mlangoni, miwani kichwani.

"Mama, kuna nini?"

"Naomba twende wote."

"Wapi?"

"Hapo ng'ambo. Kwa mwenzako. Mwambie wewe unayonituma nimwambie, naye akujibu wewe anayonituma nikujibu. Mimi nitakaa nisikilize."

"Nina wagonjwa wote hawa."

"Hao nitawaomba mimi." Wifi akasimama, akageukia benchi, na kwa sauti ile ya chuo cha udereva akasema, "Jamani mama zangu, daktari akinivusha hapo akarudi, mtanivumilia?"

"Mpeleke!" walisema karibu wote. Bibi mmoja wa mwisho kwenye foleni akaongeza, "Na akirudi na mimi anipeleke kwa wa moyo, nimechoka kumpelekea salamu."

Kliniki nzima ikacheka, na bingwa naye akashindwa kujizuia. Alivaa miwani, akavua glavu, tukatoka. Tulivuka ua watatu, daktari katikati, na watu walitupisha, maana si kawaida kumwona bingwa anamfuata mgonjwa.

Tulimkuta bingwa wa utumbo anakula ndizi mbivu dirishani. Kumbe walisoma chuo kimoja, tena wanaitana kwa majina ya utani. Walikuwa wameandikiana barua za adabu majuma kadhaa, na walipokaa meza moja walielewana kabla ndizi haijaisha. Walimpigia simu daktari wa usingizi. Walibishana kidogo, walichora tumbo na titi kwenye karatasi, wakafuta, wakachora tena. Kisha wakamgeukia wifi.

"Tunapendekeza siku moja, usingizi mmoja," alisema yule mrefu. "Kwanza tukuongeze damu. Halafu mimi naanza na utumbo, nikimaliza timu ya mwenzangu inaingia kwenye titi. Ni upasuaji mrefu."

"Nini kinaweza kuharibika?"

"Damu. Moyo. Mshono wa utumbo kuachia. Kuna hatari ya kutoamka, sitakuficha."

"Nisipofanya?"

"Hapo sina haja ya kusema hatari. Hapo tunajua."

"Basi pangeni," wifi akasema.

Kaka hakutaka. Alisema mwili hautastahimili, wafanye moja moja, wasubiri, wafikiri. Alisema kwa nia njema, kama alivyosema yote. Wifi alimsikiliza hadi mwisho safari hii, kisha akamwambia, "Una haki ya kuogopa. Huna haki ya kunisimamisha. Ukitaka kuja, njoo na blanketi langu. Usipokuja, wifi atalileta."

Kaka alikuja na blanketi. Alikaa nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, hakula, hakuongea, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Bingwa mrefu alitoka kwanza, akasema upande wake umekwisha salama. Tukangoja tena. Jua lilikuwa linageuka dirishani alipotoka yule mfupi, alama za barakoa usoni, akasema mgonjwa anaamka na ameshamwuliza muuguzi kwa nini anamwendea taratibu hivyo.

Sitaki udhani baada ya hapo ilikuwa sherehe. Kidonda cha tumbo kilipata usaha, kikafunguliwa na kusafishwa kila siku bila huruma. Mkono wa kushoto ulivimba. Na siku aliyojitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza, kifua upande mmoja bapa na mshono umekatiza, alilia kwa sauti. Alisema alilipenda titi lile. Alisema lilinyonyesha watoto wake na hakuna aliyempa pole kwa ajili yake, kila mtu anampongeza tu kuwa mzima. Nilikaa naye chini, na nilimpa pole hiyo aliyokuwa anaitaka. Alipomaliza kulia aliniambia khanga niliyomletea imechaguliwa na kipofu.

Hata hapo wageni hawakukoma. Shemeji mmoja wa mbali alikuja wodini, akakaa, akaguna, akasema kwa sauti ya msibani, "Mungu ana mipango yake. Mbili kwa mpigo! Wewe ungekubali tu." Wifi, mpira wa dripu mkononi, alimwuliza akubali nini. Yule bwana akaguna tena. Wifi akamwuliza tena, kwa utulivu, akamngoja, mpaka akachukua kofia yake akaaga.

Siku ya majibu ya mwisho alikwenda kwa miguu yake, polepole, hataki kushikwa. Tulikaa watatu kama mara ile. Mabingwa wote wawili walikuwepo, na faili lilikuwa moja mezani katikati yao. Yule mrefu alisema uvimbe wa utumbo umetoka wote, kingo ni safi, yaani hakikubaki kitu, na tezi za jirani zote safi. Yule mfupi alisema wa titi nao umetoka, kingo safi, ila tezi moja ya kwapani ilikutwa na ugonjwa. Kwa hiyo dripu zipo, na mionzi ipo.

Kaka aliinamisha kichwa. Nilijua anachofikiri. Alikuwa amesikia tezi moja tu, mengine yote yamempita. Miezi yote ile, hata baada ya kicheko kile, hata baada ya upasuaji, kaka hakuwahi kuzungumzia jambo lolote lililo mbali kuliko juma lijalo. Wifi akitaja kupaka nyumba rangi, yeye hujibu, "tutaona." Alikuwa amejifunza kutotazama mbele.

"Baada ya mionzi," daktari aliendelea kusoma, "utakuwa na kidonge cha kila siku, kwa miaka mitano, pengine tukaongeza. Kamera ya tumbo tutairudia baada ya mwaka. Ikiwa safi, baada ya miaka mitatu. Halafu kila baada ya miaka mitano. Picha ya titi lililobaki, kila mwaka. Na kwa kuwa zilikuja mbili pamoja, tungependa kuwapima na watoto..."

"Simama hapo," wifi akasema.

Daktari alinyanyua macho. "Kuna usichoelewa?"

"Nimeelewa. Rudi nyuma kidogo. Hapo kwenye miaka."

"Kidonge?"

"Yote. Lakini usiniambie mimi. Mwambie huyu."

Bingwa alimtazama kaka, ambaye alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kofia. Akavua miwani kabisa, akaiweka mezani, akageuza kiti chake.

"Mzee," alisema, "baada ya mwaka mkeo atakuja kwa kamera. Baada ya miaka mitatu atakuja tena. Baada ya mitano mingine atakuja tena. Siwezi kukuahidi, hakuna daktari anayeweza. Lakini hivyo ndivyo tunavyopanga."

"Miaka mitano mingine," kaka akasema.

"Ndiyo."

"Baada ya ile mitatu."

"Ndiyo, mzee."

Kaka aliweka kofia usoni, akalia humo ndani, kilio kikubwa ambacho sikukitegemea kutoka kwa mtu yule, mabega yanaruka. Yule bingwa mrefu akaanza kunyanyuka ampe maji. Mwenzake akamwuliza wifi kama wamsubiri mzee atulie kwanza au waendelee.

Wifi alimwekea kaka mkono mgongoni, na hakuyaondoa macho yake kwa daktari.

"Endelea," akasema. "Yeye atatukuta mbele."

Daktari akavaa miwani, akaendelea kusoma.